Shemeji Hana Ulimi

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limestaafu zamani. Sokoni aliitwa Bi Jicho, kwenye zahanati muuguzi alichungulia mlangoni akaita Bi Jicho, na mwanawe mwenyewe, dereva wa lori, akitaka kumtania alimwita Jicho bila hata hiyo Bi. Alikuwa mjane, mfupi, mkavu wa mwili, maneno yake machache lakini yenye pilipili. Mumewe alifariki akamwachia mtoto wa kubeba mgongoni, na tangu siku hizo hakuwa na kazi nyingine ila moja: kupalilia mpunga wa watu.

Palizi hudharauliwa na wasioijua. Wao wanadhani ni kuinama na kung'oa, basi. Na kweli zamani, watu walipootesha miche kitaluni kisha wakaihamishia shambani, kazi ilikuwa ya mgongo zaidi kuliko ya akili. Mche ulifika shambani ukiwa tayari na umri wake. Maji yalijazwa, magugu yakazama yangali usingizini, na yale yaliyochomoza yalionekana wazi kama watoto waliojichomeka kwenye mkutano wa wazee.

Kisha maji yakawa ya kugombania, na vijana waliokuwa wakipandikiza wakahamia kwenye pikipiki. Mwenye kinu cha kukoboa, ambaye ndiye aliyekuwa na mashamba makubwa kuliko wote, akaacha habari za kitalu. Alinunua ngoma ya plastiki yenye matundu, ikakokotwa shambani, mbegu ikadondoka ardhini moja kwa moja kwa mistari. Wengine wakamfuata. Kupandikiza kukafa, na magugu yakafanya sherehe, kwa sababu sasa mpunga na gugu vinazaliwa siku moja, wodi moja, vinanyweshwa maji yale yale, na hakuna wa kumwambia mwenzake shikamoo.

Mwenye kinu hakuwa mjinga, tumpe haki yake. Kabla ya kupanda aliifungulia ardhi maji kidogo, akaacha magugu yaote kwa raha zao, kisha akapitisha jembe la trekta akayazika yote yangali machanga. Hiyo waliiita kuyadanganya. Alisawazisha shamba mpaka likawa kama meza, maana palipoinuka maji hayafiki, na maji yasipofika gugu hujenga nyumba na kuita jamaa zake. Alipulizia dawa mapema. Katikati ya mistari walisukuma mashine ya palizi ya mkono, ile yenye gurudumu la meno. Lakini ndani ya mstari wenyewe, bega kwa bega na mpunga, alibaki mmoja ambaye meno ya palizi hayamfikii, na ambaye akichelewa kuota hata dawa humkosa. Huyo wapaliliaji walimwita shemeji.

Walimwita hivyo kwa sababu anafanana na watu wa nyumbani, anaingia bila hodi, na chakula kikipakuliwa yeye ndiye wa kwanza kunawa. Jani lake ni jani la mpunga, rangi yake ni ya mpunga, na akiwa mchanga hata mwenye shamba humpita akimsifu. Tofauti yao iko mahali padogo sana. Pale jani linapoachana na bua, mpunga una kiwambo chembamba, cheupe, kilichochongoka. Wapaliliaji walikiita ulimi. Shemeji hana ulimi. Kwake hapo ni patupu, pamekatika tu.

Wanawake wengine wa kikosi cha palizi waliinama, wakafunua jani kwa ukucha, wakatazama, ndipo wakang'oa. Bi Jicho alikuwa akiuona ulimi amesimama wima. Hapo ndipo jina lilipotoka. Alitangulia mbele, kikosi kizima nyuma yake, akinyoosha kidole huku na huku kama mtu anayewatoa nje waliodandia harusi: huyu, yule, na yule pale anayejifanya amelala. Mashamba yote ya bonde yalimtaka yeye kwanza. Mwenye shamba akisema, "Langu limepitiwa na Bi Jicho," hakuna aliyeuliza zaidi. Kwa sifa hiyo alimlea mwanawe, akamsomesha udereva, akaezeka nyumba ya vyumba vitatu yenye baraza la saruji. Hakuwa na cheti, hakuwa na shamba lake. Mali yake ilikuwa jina.

Mwanawe alipooa alileta mke kutoka ukoo wa mafundi cherehani, msichana aliyejua kukata kola bila kipimo lakini hajawahi kukanyaga tope kwa hiari yake. Alikuwa mpole hadi kuudhi. Ukimuuliza, anajibu, usipomuuliza, jua litazama. Wiki ya kwanza tu Bi Jicho aliwaambia wenzake shambani:

"Mwanangu kaniletea shemeji. Huyu binti hana ulimi."

Kikosi kilicheka mpaka mmoja wao, Mama Pacha, akakaa kwenye maji. Mkwe naye alikuwepo, ameshika fungu lake la magugu, akatabasamu kidogo, akaendelea kung'oa. Lori la mumewe lilikuwa likikaa gereji zaidi kuliko barabarani, cherehani yake ilibaki kwao, na pale bondeni kazi ya mwanamke ilikuwa palizi au hakuna. Akajifunza. Ukucha wake uliozoea kutafuta uzi ulikuwa mwepesi kutafuta ulimi, na mama mkwe aliliona hilo, ila hakuona haja ya kulisema.

Ukungu ulianza taratibu. Mwanzo Bi Jicho alidhani ni umande, akajifuta na upindo wa nguo. Halafu akadhani ni moshi wa jikoni. Mwisho akaacha kudhani, maana kila kitu kilikuwa kama kinaonekana kupitia mfuko wa nailoni, na mfuko wenyewe haukutoka asubuhi wala mchana. Hakumwambia mtu. Mtu anayeitwa Jicho ataanzia wapi kusema haoni? Aliogopa, na woga wake ulikuwa wa wazi kabisa kwake: siku watakapojua, atarudi kuwa mwanamke mzee yeyote anayeng'oa nyasi, tena wa mkiani.

Akaendelea kutangulia mbele. Lililoota nje ya mstari aliling'oa, hapo hakuna wa kumbishia. Ndani ya mstari alifuata mazoea, bahati, na ncha za vidole. Alinyoosha kidole kwa haraka ile ile ya zamani, na kwa kuwa waliomfuata nyuma walikuwa na macho, waliyarekebisha makosa wakidhani ni wao walioelewa vibaya. Hivyo ndivyo jina linavyofanya kazi. Likishasimama, wengine hulishikilia bila kuombwa.

Msimu huo ndege walikuwa wamekula mbegu kwenye kona moja ya shamba la mwenye kinu, karibu na lango la maji, mistari ikabaki na mapengo kama kinywa cha mtoto wa darasa la kwanza. Dawa ya mapengo ni kujazia: unang'oa miche pale ilipobanana, unaichomeka palipo wazi. Bi Jicho akasema kona hiyo ni yake na mkwewe, wengine waendelee na kwingine. Alikaa hapo tangu asubuhi mpaka jua likawa la utosi. Alichagua miche kwa uangalifu mkubwa, mche mmoja mmoja, akiuchukua ule ulionawiri kuliko wenzake, wenye bua nene na jani la kushiba. Alichomeka kwa nafasi sawa, mistari ikanyooka kama imepigwa rula. Alipoinuka aliitazama kazi yake kupitia nailoni yake, akaridhika. Mkwewe alikuwa mistari miwili nyuma. Alisimama kidogo, akatazama, akafungua mdomo, akaufunga.

Sasa, katika shamba la mpunga, anayenawiri kuliko wote akiwa mchanga ni shemeji. Hilo kila mpaliliaji analijua. Bi Jicho mwenyewe ndiye aliyewafundisha.

Shemeji hana subira. Alitoa masuke mpunga ukiwa bado na mimba, akasimama juu yake kwa shingo nzima, na kwa kuwa alikuwa amepandwa kwa mkono wa fundi, alisimama kwa mistari. Mwenye kinu aliiona kona ile kutoka barabarani. Akakiita kikosi chote kwenye tuta.

"Njooni muone maajabu," alisema. Hakuwa na hasira bado, alikuwa kama mtu aliyeonyeshwa mazingaombwe. "Gugu la kujiotea nimeliona. Gugu la kuletwa na maji nimeliona. Lakini gugu la kupandwa kwa nafasi, kwa mistari, tena likapaliliwa vizuri namna hii? Hili mmenianzishia nyinyi."

"Mzee, vuna tu," Mama Pacha akadakia. "Labda ni zao jipya."

Wanawake wakaangua kicheko. Mwenye kinu hakucheka. Masuke yale yakipukutisha mbegu, shamba lingekuwa la shemeji misimu mingi, na ngoma yake ya plastiki angeigeuza pipa la maji.

"Nani alijazia hapa?" akauliza.

Bi Jicho alikuwa karibu kukunja uso na kuuliza swali hilo hilo kwa ukali wa kiongozi. Alikuwa amecheka na wenzake, na kicheko kilikuwa bado mdomoni alipolisikia lango la maji likichuruzika karibu na mguu wake. Akaijua kona. Kicheko kikamkauka.

"Ni mimi, mzee," ilisema sauti nyuma yake. Alikuwa mkwewe. "Nilichanganya. Nisamehe."

Walimtazama yule binti wa cherehani, kisha wakamtazama mama mkwe kwa huruma. Mtu amepewa jicho, mkwe wake kapanda magugu! Mama Pacha hakukawia kutoa jina, na jina likashika hapo hapo: Mama Shemeji. Bi Jicho alikuwa na nafasi ya kusema. Ilikuwepo, ilikuwa pana, ingetosha sentensi tatu. Akaiacha ipite. Wakashuka wote kuyakata masuke na kuyatia kwenye magunia, na yeye alikata pamoja nao, akipapasa.

Nyumbani jioni mkwe alikaa barazani na ungo wa mchele, akichagua mawe. Bi Jicho akasimama mlangoni.

"Ulijua," akasema.

"Nilijua, mama."

"Tangu lini?"

Mkwe alitupa jiwe dogo uani. "Tangu siku ile uliponigombeza kwa mawe kwenye wali. Mchele ulikuwa umeuchagua wewe."

Bi Jicho akakumbuka kwamba tangu siku hiyo hajaushika ungo tena. Kila alipounyanyua, binti aliupokea: pumzika mama, nitachagua mimi. Naye alikuwa akijisifia kwamba amemfunda mkwe akafundika.

"Na siku ya kujazia ulikuwa nyuma yangu. Kwa nini hukunizuia?"

"Nikuzuie mbele za watu? Wewe?" Binti hakuinua macho kutoka kwenye ungo. "Nilirudi kesho yake peke yangu nikaing'oe miche ile. Nikakuta mzee ameshafungulia maji, kona imezama yote. Nikasema labda itaoza."

 Bi Jicho alijisikia aibu, na aibu ya mtu mzima haina mahali pa kukaa. Ilimzungusha uani, ikamrudisha ndani, ikamlaza bila kula. Hali ikawa mbaya zaidi mwanawe alipopiga simu kutoka safarini. Habari zilikuwa zimemfikia kwa madereva wenzake. Alicheka kwanza, kisha akamwambia mkewe, sauti ikisikika chumba kizima, kwamba anamtia mama yake fedheha. Mkewe alijibu, "Nimesikia." Alimpa mama mkwe simu amsalimie mwanawe, naye mama mkwe akamsalimia mwanawe.

Baada ya mavuno alikwenda kwa daktari wa macho. Mkwe ndiye aliyemshika mkono kwenye ngazi. Daktari, kijana mchangamfu, alimmulika, akamwambia ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, anatibika kwa upasuaji zamu yake ikifika.

"Zamu yenyewe lini?"

"Foleni ni ndefu, mama. Labda mpaka msimu ujao uishe."

"Haya," akasema Bi Jicho akishuka ngazi. "Uzee huu nimepata mtoto mwingine, tena pacha." Mkwewe alicheka kwa sauti. Ilikuwa mara ya kwanza Bi Jicho kukisikia kicheko hicho, na alishangaa kwamba kilikuwa kikubwa.

Msimu mpya ukaingia. Magugu yakadanganywa, ardhi ikasawazishwa, ngoma ikapita, dawa ikapuliziwa. Siku ya palizi ya ndani ya mistari kikosi kilikusanyika kwenye tuta, na mwenye kinu akasimama mbele yao na kofia yake ya majani.

"Wote karibuni," akasema. "Ila Mama Shemeji, samahani sana. Sina ubaya na wewe, lakini shamba langu halijapona."

Haikuwa shamba lake tu. Wenye mashamba wote bondeni walimfuata yeye kama walivyomfuata kwenye ngoma. Akifungiwa hapa, amefungiwa kote, na binti alilijua hilo, maana aliinama akaanza kuvaa viatu vyake.

Bi Jicho akatoka kwenye kundi. "Si yeye," akasema. "Kona ile niliijazia mimi. Macho yangu yameharibika."

 Mama Pacha akapiga makofi.

"Mmeona mama mkwe? Wa kwangu mimi angeniongezea na kosa la mwaka juzi!"

Wakamsifu. Mmoja alimshika bega, mwingine akasema Mungu ampe maisha marefu. Bi Jicho akarudia, kwa ukali, na kadiri alivyokuwa mkali ndivyo walivyozidi kuguswa. Mwenye kinu akatikisa kichwa kama mtu anayemtuliza mzazi mwenye uchungu. Ili kumaliza maneno alishuka, akang'oa miche miwili, akamletea mmoja kila mkono.

"Haya, Bi Jicho. Shemeji ni yupi?"

Aliona viganja viwili na vitu viwili vya kijani, mfuko wa nailoni ukiwa juu yake. Maisha yake yote hajawahi kutamani kukosea. Siku hiyo alitamani, lakini hata kukosea kwa makusudi kunataka macho. Akaugusa mkono wa kushoto wa mwenye kinu kwa kubahatisha.

"Huyo huyo!" mwenye kinu akapaza sauti, na tuta zima likashangilia. "Macho yameharibika, anasema!"

Mkwe alikuwa amekwisha kufunga kamba za viatu. Bi Jicho alimsikia akiondoka, nyayo zikipigapiga tope kavu la tuta, polepole. Hakumwonea huruma tu. Alijichukia.

"Mwanangu, rudi," akaita. Kisha akamgeukia mwenye kinu. "Asipoingia yeye, na mimi siingii."

Mwenye kinu alitazama shamba lake, kijani kitupu, mpunga na gugu bega kwa bega. Akamtazama Bi Jicho. Bila yeye, majirani wangesema nini juu ya shamba hili? Akashusha pumzi.

"Sawa. Lakini akae karibu yako. Msimamie."

Wakaingia. Bi Jicho alishika mstari wa kwanza, mkwe pembeni yake, wengine wakafuata wakiangaliana kwa tabasamu, mama mkwe na mwanafunzi wake. Bi Jicho aliinama, akashika mche wa kwanza, akasubiri.

"Gugu," binti akanong'ona.

Akang'oa. Akashika wa pili.

"Mpunga."

Akauacha. Wakaenda hivyo mpaka karibu nusu ya mstari, na nyuma yao Mama Pacha alisikika akisema, "Anamfanyia mtihani. Msikilize anavyomjibu."

Bi Jicho akasimama. "Sema kwa sauti," akamwambia mkwewe.

"Mama, watu watasikia."

"Hao hao ndio ninaowataka."

 Bi Jicho akainama, akapapasa mstari, akakamata bua moja nene karibu na ardhi, akaanza kulivuta. Alihisi mizizi ikianza kuachia. Binti alinong'ona kitu. Yeye akaendelea kuvuta. Binti akamgusa mkono, akaendelea.

"Acha, mama! Huo ni mpunga!"

Sauti ilifika kwenye tuta, alikokuwa amesimama mwenye kinu. Migongo yote ikanyooka. Mama Pacha alikuwa amefungua mdomo kwa ajili ya kicheko, kicheko chenyewe hakikuja. Tangu Bi Jicho aingie mashamba ya bonde hilo, hakuna aliyewahi kumwambia acha.

Akauacha. Aliurudishia udongo kwenye mizizi kwa vidole, akaukandamiza vizuri, kisha akashika uliofuata, akauliza kwa sauti ya kusikika na wote:

"Na huu?"

"Huo ng'oa," binti akasema.

Akang'oa.